Leza ya Macho Inapokosa Shabaha: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Mwezi wa sita Mbeya, saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mlima Loleza na mikono haitaki kutoka mfukoni. Kwenye benchi la kliniki ya macho wagonjwa wameshajipanga: mabibi waliojifunga vitenge viwili viwili, na mzee mmoja aliyeondoka Chunya kungali giza. Huo ndio muda wangu. Kabla daktari hajaketi, nataka niwe nimeshapata jibu la swali moja: mwale utakaoingia kwenye jicho la mzee huyu utaangukia pale pale taa nyekundu inapoonyesha, na kwa nguvu ile ile iliyoandikwa kwenye skrini?

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Naandika kwa mafundi wenzangu, wauguzi wa macho na madaktari wanaotumia leza mbili ninazozishughulikia zaidi huku Nyanda za Juu Kusini. Ya kwanza ni leza ya YAG, yenye mwale wa nanomita 1064 usioonekana kwa macho. Hutumika kutoboa utando unaojijenga nyuma ya lenzi bandia baada ya mgonjwa kutolewa mtoto wa jicho. Ya pili ni leza ya kijani ya nanomita 532, inayochoma retina (sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga) iliyoharibiwa na kisukari. Zile za kuchonga konea (kioo cha mbele ya jicho), za nanomita 193, zina tabia zake na sitazigusa hapa.

Mambo mawili yashike kabla hujafungua hata skrubu moja.

La kwanza: kwenye YAG, taa nyekundu ya kulengea na mwale unaotibu ni vitu viwili tofauti. Kila kimoja kina chimbuko lake, kisha vinaunganishwa na vioo ili vipite njia moja. Kioo kikisogea hata upana wa unywele, njia zinaachana, na macho yako hayatakuambia, maana mwale wa tiba huuoni.

La pili: kwenye mashine nyingi, kipimo kinachotoa namba ya skrini kimekaa ndani, kabla ya vioo na lenzi za mwisho. Kinasoma kilichoondoka, hakisomi kilichofika. Kati ya hapo na jicho la mgonjwa kuna vioo vinavyoshika vumbi, ukungu na alama za vidole. Nimeona mashine ambayo skrini yake ilisoma namba nzuri kabisa huku mezani inafika nusu.

Dalili: vidoa au nyufa kwenye lenzi bandia baada ya kutoboa utando

Hili ndilo lalamiko ninaloitiwa mara nyingi kuliko yote. Ukitaka kulitatua, anza kwa kuelewa kinachotokea. Pigo moja la YAG hudumu kama nanosekunde 4. Milijuli 1 ikisukumwa ndani ya muda huo ni wati 250,000, zimebanwa kwenye doa la mikroni 8 hadi 10 hivi. Pale kwenye fokasi chembe zinapasuka, cheche inawaka, na wimbi la mshindo linatawanyika. Utando hauungui, unapasuliwa na mshindo. Cheche hiyo, ukiongeza nguvu, haibaki palipo fokasi: inakua kurudi upande wa daktari, yaani kuelekea kwenye lenzi bandia. Ndiyo maana fokasi ya mwale wa tiba husogezwa makusudi nyuma ya pale taa nyekundu zinapokutana, mara nyingi mikroni 150 hadi 250 kwa kuanzia, ili mshindo uupate utando na kuiacha lenzi salama.

Sasa chanzo. Wengi hukimbilia kufungua kasha la vioo. Usifungue bado.

Katika hospitali moja ya mkoa wetu, daktari alinipigia simu kwa sauti ya kukata tamaa. Nilipofika hakunipa hata nafasi ya kuweka begi.

“Fundi, hii mashine inanichubulia lenzi. Wagonjwa watatu wiki hii.”

“Pole sana, daktari. Kabla sijagusa chochote, naomba ukae hapo unionyeshe unavyoanza.”

Akavua miwani, akaweka mezani, akainamia hadubini. Nikamwuliza miwani ile ni namba ngapi. Chanya mbili na nusu. Nikatazama pete za vioo vya kuangalilia: zote ziko sifuri. Mwenzake aliyetangulia kutumia mashine havai miwani, kwa hiyo sifuri ilikuwa sahihi kwake. Kwa huyu wa pili, picha aliyoiona kali haikuwa mahali leza inapofokasi. Kila alipousogeza mkono hadi “aone vizuri”, aliipeleka fokasi mbele, ndani ya lenzi ya mgonjwa. Mashine ilikuwa nzima. Nilisikitika kwa ajili ya wale watatu, lakini nilishukuru kwamba hatukufungua vioo vilivyokuwa vimekaa sawa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni pete za macho. Kwenye droo ya mashine kuna kijiti cheusi cha kupimia fokasi, na mara nyingi kimepotea. Kitafute au agiza kingine. Kichomeke kwenye tundu lake, mulika mstari mwembamba wa mwanga juu yake, kisha daktari afumbe jicho moja. Azungushe pete hadi mwisho wa upande wa chanya, halafu airudishe polepole kuelekea hasi, na asimame pale pale picha inapokuwa kali kwa mara ya kwanza. Asiendelee. Jicho la kijana lina uwezo wa kujivuta lenyewe na litaendelea kuona vizuri huku fokasi inazidi kupotea. Arudie kwa jicho la pili, kisha namba zake ziandikwe kwenye kipande cha plasta na kubandikwa ubavuni mwa mashine. Kama madaktari ni watatu, plasta ziwe tatu, na kila anayeketi azungushe pete zake kwanza.

Hatua ya pili ni kitufe cha kusogeza fokasi mbele au nyuma. Mgonjwa aliyepita huenda alikuwa na presha ya macho na alitobolewa kitundu kwenye iris. Kitufe kikawekwa sifuri au mbele, kikasahaulika hapo. Kitazame kabla ya kila mgonjwa, usitegemee kumbukumbu ya mtu.

Hatua ya tatu ni taa nyekundu zenyewe. Mashine nyingi hutoa nukta mbili zinazokutana kuwa moja kwenye fokasi. Ziangalie kwenye kijiti: sogeza hadubini mbele na nyuma. Zinapaswa kuachana kwa usawa pande zote mbili na kukutana katikati. Moja ikiwa hafifu, au zikipishana bila kukutana, acha kazi.

Hatua ya nne ndiyo inayotoa ushahidi. Nenda steshenari yoyote, mwombe kijana akutolee fotokopi mfuniko ukiwa wazi na bila karatasi juu ya kioo. Itatoka karatasi nyeusi tii. Ile wino ya unga inanyonya mwale vizuri, na pigo la YAG linaacha nukta nyeupe. Ibandike wima mahali jicho la mgonjwa lingekaa, nyuma yake weka kipande cha tofali la kuchoma (si bati, si kigae kinachong'aa), kila aliyemo chumbani avae miwani ya kinga, weka kitufe cha kusogeza fokasi kwenye sifuri, nguvu iwe ya chini kabisa inayoacha alama, kisha piga mara tano sehemu tano. Nukta nyeupe ikae katikati kabisa ya mahali taa nyekundu zilipokutana. Ikikaa pembeni kila mara upande ule ule, vioo vya ndani vimesogea na hapo ndipo fundi aliyefunzwa kwa mashine hiyo anahitajika. Ikiruka ruka, mara kushoto mara kulia, tafuta kitu kilicholegea: mkono wa hadubini, skrubu ya meza, hata mguu wa meza juu ya sakafu isiyo sawa. Ukimaliza kagua lenzi ya mbele, kwa sababu unga wa karatasi hurukia kioo.

Yakipita yote manne, chanzo kiko kwa mgonjwa na mbinu. Bibi wa miaka themanini hawezi kutuliza shingo dakika kumi, hasa mkanda wa kichwa ukiwa umelegea na kidevu kinaelea. Lenzi ya kugusa jicho iliyotengenezwa kwa kazi hii inatuliza jicho, inapanua pembe ya mwale na kupunguza ukubwa wa doa. Jeli yenye viputo inaharibu faida hiyo yote, basi chupa ya jeli isimame kichwa chini usiku kucha.

Dalili: nguvu inapandishwa wiki hadi wiki

Daktari alikuwa akianza na milijuli 1.2, sasa anaanza na 3 na bado utando haupasuki. Hii ni hatari kuliko inavyoonekana. Nguvu ya ziada inayoingia machoni huongeza presha ya jicho saa chache baadaye, na jumla yake ikiwa kubwa, uwezekano wa retina kuvimba unaongezeka. Halafu siku mtu akisafisha kioo bila kumwambia daktari, pigo la milijuli 3 linafika lote.

Safisha kwanza, pima baadaye. Lenzi ya mbele inafutwa kwa kipuliza hewa cha mkono kwanza, kuondoa chembe za mchanga. Ukianza kufuta kabla ya kupuliza unaichora. Kisha karatasi maalumu ya lenzi na alkoholi safi ya isopropili, tone moja, mpapaso mmoja wa mduara kutoka katikati kwenda nje, karatasi inatupwa. Ile spiriti ya wodini na dawa ya kutakasa mikono zina maji na vitu vingine vinavyobaki kama ukungu juu ya kioo. Mwale ukipiga ukungu ule, unaungua na kuchukua tabaka la kioo pamoja nao. Kiangazi, kuanzia mwezi wa nane, vumbi la hapa ni jekundu na linaingia kila mahali. Mashine isiyofunikwa kitambaa usiku inasafishwa mara nyingi kupita kiasi, na kila kusafisha ni kukwaruza kidogo.

Kisha kipimo cha nishati cha nje. Kichwa cha kipimo kisikae kwenye fokasi hata mara moja, kitatobolewa. Kiweke nyuma ya fokasi, mahali mwale umeshatanuka. Piga mara kumi, tafuta wastani, linganisha na skrini. Kanuni ya kimataifa ya leza za tiba inaruhusu tofauti isiyozidi asilimia 20. Binafsi nikiona 15 naanza kutafuta sababu, sisubiri ishirini.

Hapa niseme jambo ambalo vitabu vya mashine vilivyoandikwa pwani za Ulaya havilitaji. Baadhi ya mafundi hupima YAG kwa kutazama ni milijuli ngapi zinatosha kuwasha cheche hewani, kisha hulinganisha na karatasi ya kiwandani. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na cheche hewani inahitaji nguvu zaidi kuwaka pale hewa inapopungua. Ukipeleka mashine Njombe au Makete itadai zaidi tena. Fundi akiona hivyo hudhani leza imechoka. Haijachoka. Ndani ya jicho cheche inawaka kwenye majimaji, na kimo cha mlima hakibadilishi kitu pale. Kwa hiyo kipimo cha cheche tumia kulinganisha mashine na yenyewe, hapo hapo ilipo, mwezi huu na mwezi uliopita. Usiilinganishe na karatasi ya kiwandani.

Vioo vikiwa safi, kipimo cha nje kikikubali na bado daktari anahitaji nguvu nyingi, basi utando wenyewe ni mnene, au konea ina kovu, au pigo linapita pembeni mwa lenzi ya kugusa. Kipimo kikikataa, na tofauti inaongezeka kila mwezi, taa ya kusukumia ndani ya mtungi wa leza imezeeka. Hiyo ni kazi ya aliyefunzwa: kapasita (vihifadhi umeme) zilizomo zinabaki na chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Dalili: leza ya kijani haichomi, au inachoma kupita kiasi

Hapa mwale unapita kwenye faiba (uzi wa kioo), unatoka kama doa la ukubwa unaochaguliwa, kati ya mikroni 50 na 500 hivi. Kabla ya kulaumu mashine, fanya hesabu na daktari. Doa likipunguzwa kutoka 200 hadi 100 bila kugusa nguvu, eneo linakuwa robo, na ukali unakuwa mara nne. Upande wa pili: lenzi ya kugusa yenye upana mkubwa wa kuona inaweza kulikuza doa karibu mara mbili juu ya retina, kwa hiyo 200 ya mashine ni karibu 400 ndani ya jicho, na ukali umeshuka hadi robo. Hospitali ikinunua lenzi mpya ya aina hiyo, wiki ile ile nitapigiwa simu kwamba “leza imekufa”. Ukubwa ambao kila lenzi inakuza doa umeandikwa kwenye karatasi yake. Uandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kijisanduku chake.

Hesabu ikiwa sawa, tazama doa. Zima taa, elekeza mwale wa kulengea kwenye karatasi nyeupe mahali pa fokasi. Doa liwe la mviringo, kingo zimekatika vizuri, katikati hakuna shimo jeusi. Likiwa kama mwezi ulioliwa, ncha ya faiba imeungua au ina uchafu. Faiba hizi zinakufa kwa kuviringishwa kama kamba ya mbuzi kwenye mguu wa kitoroli, au kwa gurudumu la kiti kupita juu yake. Mkunjo ukiwa mdogo kuliko mzingo wa sahani ya chakula, mimi naukunjua. Ukiifungua, mfuniko wake wa plastiki urudi kwenye ncha papo hapo, na usiishike ncha kwa kidole.

Asubuhi za baridi kali haichomi, saa nne inachoma vizuri? Kristali inayogeuza mwale kuwa kijani inafanya kazi kwenye joto maalumu. Mashine iliyolala kwenye chumba cha nyuzi saba inachelewa kulifikia. Iwashe mapema, iache ipate joto, kisha uipime.

Yapo yanayotoka kwa mgonjwa. Damu iliyovuja ndani ya jicho inanyonya kijani na kukitumia njiani, kabla hakijafika retina. Mtoto wa jicho anautawanya mwale. Na macho yetu Waafrika yana rangi nyingi nyuma ya retina, ambayo inanyonya mwale kwa nguvu. Kipande kimoja cha retina kinageuka cheupe haraka, cha jirani kinachelewa. Daktari aanze chini na kupanda kidogo kidogo kila anapohamia eneo jipya. Akisikia mlio mdogo wa kupasuka au akaona kiputo, utando ulio chini ya retina umetoboka: ashushe nguvu hapo hapo, na fundi aitwe kupima kabla ya mgonjwa anayefuata.

Dalili: daktari au muuguzi ameona mwanga mkali

Simamisha kazi. Usiendelee hata na mgonjwa aliyeko kwenye kiti.

Jicho linakusanya mwanga wa kati ya nanomita 400 na 1400 na kuubana kwenye retina kwa kiasi cha kama mara 100,000. Leza zetu zote mbili zimo ndani ya kipande hicho. Ya kijani walau mtu anapepesa. Ya YAG haionekani, hakuna kupepesa, na retina haina maumivu. Mtu anagundua kesho yake kwamba katikati ya uso wa mtoto wake kuna kivuli.

Kama aliyeona ni daktari kupitia hadubini ya leza ya kijani, tuhumu kichujio cha usalama. Kuna kinachokaa wakati wote na kuna kinachoingia sekunde ile pedeli inapokanyagwa. Cha pili kina injini ndogo au sumaku, na hukwama. Elekeza mwale kwenye ukuta usiong'aa, mtu asiangalie kwenye hadubini, kanyaga na usikilize: kuna mlio wa “tak” kabla ya mwale kutoka. Usiposikia, mashine haitumiki.

Kama aliyeona ni muuguzi au ndugu wa mgonjwa, tafuta kilichorudisha mwale. Nimewahi kukuta kioo cha kunawia uso ukutani, trei ya chuma iliyong'arishwa, na bangili za bibi mwenyewe aliyeinua mkono kushika mashine. Lenzi bapa ya kugusa jicho nayo inarudisha mwale. Dirisha la kawaida halizuii nanomita 1064, linapitisha kama hewa; pazia liwe zito, na si lile jepesi la maua. Ndugu aliyemsindikiza mgonjwa akae nje. Tunalelewa tusimwache mzee peke yake, na kumwambia mtoto wake “subiri mlangoni” ni kazi ngumu. Mwombe kwa heshima, mweleze sababu, au mpe miwani ya kinga.

Miwani hiyo isomwe, isichukuliwe tu kwenye msumari. Pembeni pameandikwa urefu wa mawimbi na kiwango cha kuzuia. Kiwango cha 5 kinapitisha sehemu moja tu kati ya 100,000. Lakini iliyoandikwa 1064 haikulindi na 532, hata kama imefanana kwa rangi. Ile yenye mikwaruzo mirefu itupwe. Ya kuchomelea geti na ya jua hazihusiki kabisa.

Dalili: mashine inakataa kupiga, au inazima katikati

Hili halinichukui muda. Tazama kitufe chekundu cha dharura kama kimebonyezwa na mfagiaji, kisha ufunguo, kisha plagi ndogo ya usalama nyuma ya mashine ambayo hupotea wakati wa kuhamisha, kisha swichi ya mlango. Usiunganishe waya wa swichi ya mlango ili “ifanye kazi kwanza”. Mlango ule siku moja utafunguliwa na mtoto anayemtafuta bibi yake.

Ikizima katikati ya kazi, pima umeme. Voltesi zikiyumba jioni mashine za kusaga zinapowaka, au jenereta inapopokea mzigo, leza inajilinda kwa kuzima, na inafanya vizuri. Weka UPS (betri ya akiba) ya wimbi laini yenye uwezo wa kutosha, isiyogawana na friji ya dawa. Pia feni: hewa nyepesi ya huku inabeba joto kidogo kuliko ya pwani, kwa hiyo kichujio cha vumbi kilichoziba kinaiumiza mashine haraka zaidi.

Dalili: ilikuwa nzima Mbeya, imeharibika Kyela

Kliniki za mkoba ni jambo jema na nitazitetea. Lakini fikiria safari yenyewe. Mashine inapakiwa alfajiri Mbeya ikiwa baridi kama jiwe, inashuka Tukuyu, saa chache baadaye inafunguliwa Kyela, zaidi ya mita elfu moja chini, kwenye joto na unyevu wa Ziwa Nyasa. Vioo bado vina baridi ya Mbeya. Umande unatanda juu yake mara tu sanduku linapofunguliwa, hata kwenye vioo vya ndani usivyoviona. Pigo moja la YAG likipita kwenye tone la maji linaweza kuliunguza tabaka la kioo kabisa.

Mashine ifike jana yake. Ilale ndani ya sanduku lililofungwa, na pakiti za kukausha unyevu, kwenye chumba kile kile itakapofanyia kazi, ifunguliwe asubuhi. Kama ratiba hairuhusu usiku mzima, basi kliniki ianze mchana. Kichwa cha leza kisafiri kimesimama, juu ya godoro, ndani ya gari na si nyuma kwenye mikungu ya ndizi. Ikifika, rudia vipimo vyote vya mwanzo: kijiti, nukta mbili, karatasi nyeusi, kipimo cha nishati. Barabara ina mashimo, na kioo hakisemi kama kimesogea.

Karatasi zile nyeusi usizitupe. Mimi nazibandika kwenye kauntabuku, kila moja na tarehe, nguvu iliyotumika, jina la kituo na saini yangu. Leo nikiishika karatasi ya asubuhi hii nikaiweka kando ya ile ya mwezi uliopita, naona kama nukta inahama. Ikiwa imehama kwa upana wake mwenyewe, natoa ufunguo na kuutia mfukoni, nabandika kwenye mashine karatasi ya “USITUMIE”, namwita mhandisi wa mashine hiyo. Na kama kuna mgonjwa aliyeshaumizwa, taarifa inaandikwa kwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, siku hiyo hiyo. Kisha natoka mwenyewe kwenye benchi. “Shikamoo wazee wangu. Leo mashine haiko sawa, hatutawapiga leza.” Na yule aliyetoka Chunya namwandikia tarehe mpya awe wa kwanza, na naenda kwa mganga mfawidhi kuulizia nauli yake ya kurudi.